Kiatu Nje ya Mlango

Jumamosi, tarehe sita Desemba. Asubuhi ilikuwa na ukungu mweupe uliolala hadi kwenye vizingiti, na tangi la maji uani lilionekana nusu tu, kama mtu aliyezama hadi kifuani. Hapakuwa na upepo. Nilimshukuru Mungu kwa kuniamsha salama, nikachukua kikapu changu, nikaanza kukusanya viatu.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kila siku. Karakana yetu imeungana na wodi ya watu wanaojifunza kutembea upya: waliovunjika, waliokatwa mguu, waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Wengi hawawezi kushuka ngazi kuleta viatu vyao. Kwa hiyo tuna kanuni moja, nayo ni ya zamani kuliko mimi: kiatu kilichowekwa nje ya mlango ni kiatu cha kazi. Hakihitaji maelezo. Ninakiokota alfajiri, ninakigeuza, chenyewe kinanionyesha kinapoumwa, na kabla ya chai kinakuwa kimerudi mlangoni kwake. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kubisha hodi kuuliza.

Siku hiyo nilipofika ghorofa ya juu, kwenye korido ya wageni, nilikuta viatu vitatu nje ya milango mitatu. Kimoja kimoja, bila wenzake, vimepigwa brashi vikang'aa.

Huko walikaa wanagenzi watatu kutoka Ujerumani, waliokuja kujifunza kazi yetu kwa miezi sita. Karakana iliwapa majina siku ya kwanza, maana ndimi zetu ziliyashindwa ya kwao. Kijana mrefu aliitwa Rula, kwa sababu rula yake ya chuma ilikaa nyuma ya sikio hata wakati wa kula. Msichana mmoja aliitwa Kengele, kwa ajili ya kicheko chake kilichosikika hadi getini. Na wa tatu aliitwa Nyuzi, kwa kuwa kila jioni alitoka chumba cha viatu na vipande vya uzi vimemganda kwenye sweta, naye hana habari.

Nyuzi ndiye aliyekuwa akikaa nami kwenye benchi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, na kiatu chake cha upande huo kilikuwa na soli nene iliyofichwa kwa ustadi hivi kwamba usingeijua mpaka ukishike. Alipima miguu ya wengine kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala. Wake haukuguswa na mtu. Fundi Mkuu alimwambia siku moja, "Binti, kaa tukupime, hicho kiatu kimechoka." Akajibu, "Baba yangu ndiye anayeujua mguu wangu," akaendelea kushona. Hatukurudia.

Sasa kiatu hicho kilikuwa mikononi mwangu, kimewekwa nje ya mlango. Moyo wangu ulijaa. Nikasema, Bwana, huyu mtoto ameona haya kuniambia kwa mdomo, akaniambia kwa kiatu.

Nilishuka nacho mbio. Vile vingine viwili nilivipiga gundi kidogo, basi. Hiki nilikifungua. Ndani ya soli mlikuwa na kipande cha gome jepesi, lile linalozibia chupa, kimechongwa kufuata mguu. Kilikuwa kimepasuka na kinamomonyoka kama mkate wa juzi. Nilipobandua bitana ya ngozi nikaona maandishi juu ya gome, ya penseli, mistari minne ya herufi zilizoshikana mikono.

Hapa lazima niseme jambo. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili kwenye darasa la jioni. Nilikaribia miaka hamsini bila kujua kusoma, na Mungu alipoufungua mlango huo nilitaka kupita na kila kitu. Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: kila wiki tuandike maneno kumi tuliyoyaona kazini. Nilikuwa na manane tayari: gundi, hatari, moto, ngozi, kulia, kushoto, sukuma, vuta. Nikachukua daftari, nikaichora ile mistari minne kama ilivyokuwa, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayefuatisha ua kwenye kitambaa. Sikujua inasema nini. Nilidhani ni namba za kiwanda.

Kisha nikalitupa lile gome ndani ya jiko la karakana, pamoja na vipande vingine vya jana. Nikachonga jipya la kimo kilekile, nikapima mara tatu, nikaliombea kama ninavyokiombea kila kiatu, nikashona.

Niliporudi juu, korido ilikuwa kama soko. Rula alikuwa amesimama kwa soksi, kashika mfuko wa karanga na peremende, uso umemwiva. Kengele alikuwa amekaa sakafuni akilia kwa kucheka.

"Mama!" akasema. "Ni wewe mwizi!"

"Mwizi wa nini, mwanangu?"

"Kwetu leo ni siku ya Mtakatifu Nikola. Usiku unaweka kiatu mlangoni, asubuhi unakikuta kimejaa vitu vitamu. Rula ndiye aliyekuwa na zamu ya kujaza. Ameamka, hakuna viatu! Ameniamsha anasema, Nikola amekuja, amebeba viatu, ameondoka!"

"Sikusema hivyo," Rula alisema.

"Ulisema. Na ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nimepiga kidole kwenye kitanda."

Nilicheka nikashika ukuta. Nikawapa viatu vyao, nikamwambia Rula, "Haya, jaza sasa, lakini cha Nyuzi kiache kikauke gundi."

Nyuzi alikuwa mlangoni kwake. Alikichukua kiatu, akakitazama, akaingiza mkono ndani taratibu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mkono ukakaa humo. Uso wake ulikuwa kama dirisha ambalo mtu amezima taa ndani.

"Mama, kile kipande cha zamani cha ndani kiko wapi?"

"Kile kilikuwa kimeoza, binti yangu. Nimekichoma. Hiki kitakupeleka miaka mitatu."

Kisha akanishika mkono, akasema, "Asante sana, Mama. Ni kazi nzuri," akafunga mlango bila kuupiga.

Nilishuka ngazi nikiwa na furaha. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Tangu walipofika, watatu hao walikuwa watu wa kutoka. Kila mwisho wa wiki walipotea: mara wamekwenda vilimani kwa baiskeli za kukodi, mara kwenye maporomoko, mara wamepanda treni hadi kituo cha mwisho kuona tu kinafananaje. Jumatatu waliniletea habari zote kwenye benchi, na pua zilizobabuka, na mawe. Dirisha langu lilijaa mawe yao. "Mama, siku moja twende wote," walisema, nami nikajibu nina ibada, nina darasa, nina nguo za kufua.

Desemba ikawaongezea wazimu. Walisokota shada kwa waya wa shaba na mabaki ya ngozi ya kijani, wakasimamisha mishumaa minne juu yake, wakaliweka kwenye meza ya chumba cha viatu. Jumapili ya kwanza ya Majilio waliwasha mmoja, ya pili miwili. Walikata nyota za karatasi ya vipimo wakazitundika kwenye kalibu za miguu zilizopangwa rafuni, na hewa moto ya jiko ilipopanda, nyota zilizunguka polepole juu ya miguu ile yote ya mbao isiyo na watu. Nilikuwa nikiinua macho katikati ya kazi nikasahau niko wapi. Wagonjwa walikuja kukaa tu. Mzee mmoja wa kitanda cha saba alisema ni kama kuwa ndani ya usingizi wa mtu mwingine, mtu mwema.

Lakini Nyuzi alibaki nyuma. Jumamosi ile hakwenda nao. Wala iliyofuata. Alivaa kiatu changu, alitembea vizuri, alinisalimia kila asubuhi. Ila alishona akiinamia sana, na nilipoimba hakuitikia tena. Kimya kingi kina mshindo. Niliomba nioneshwe, na kama ilivyo kawaida, jibu lilikuja kupitia mtu anayeongea sana.

Alhamisi ya tarehe kumi na nane, Kengele alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi, akachezea mkasi.

"Mama, nikikwambia kitu utalia?"

"Inategemea. Sema."

"Baba yake Nyuzi alikuwa fundi viatu. Amekufa mwezi wa Machi."

Sindano yangu ikasimama.

"Ndiye aliyemtengenezea viatu vyote, tangu mtoto. Na kila kiatu, aliandika kitu ndani, chini ya bitana. Lakini sharti ni usifungue mpaka kiatu kimekwisha. Hicho cha mwisho, alikitengeneza akiwa tayari mgonjwa. Nyuzi alikuwa anangoja. Alisema atakifungua Krismasi, kwa sababu ni Krismasi ya kwanza bila yeye."

Sikulia. Nilihisi tu joto la jiko mgongoni mwangu, lile jiko lenyewe.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ulifanya kwa mapenzi. Alisema ukijua hutalala."

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi la ngozi, Kengele akipiga magoti pembeni yangu bila kujua tunafanya nini. Nilimwambia Mungu ukweli: nimechoma maneno ya mwisho ya baba wa mtu, na maji yakimwagika hayazoleki. Na majivu je? Nikiwa bado nimefumba macho, nikaiona ile mistari minne. Sikuiona juu ya gome. Niliiona kwenye karatasi yenye mistari ya buluu.

"Daftari!" nilipiga kelele. Kengele akaruka. "Niliyanakili! Yako kwenye daftari langu!"

"Liko wapi?"

Daftari lilikuwa kwa Mwalimu. Ijumaa ya kufunga darasa alikusanya yote, akayafunga kwa kamba, akaenda nayo likizo kusahihisha. Nilipompigia, simu haikupatikana. Mlinzi wa shule alicheka: "Yuko ukweni kwake, kule ziwani. Huko simu inashika ukipanda juu ya paa tu, na mkwe hapandi paa la watu."

Rula alipoambiwa alitoa ratiba ya treni mfukoni, akaiwekea rula chini ya mstari mmoja, akanionyesha. Jumapili, saa nne kasorobo.

Nyuzi tulimwambia ukweli wote kabla ya kuondoka. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Alinisikiliza, mikono magotini.

"Uliandika yote, Mama?"

"Yote niliyoyaona. Lakini mkono wangu ni wa mtoto wa darasa la pili, mwanangu. Sijui kama yatasomeka. Nisikudanganye."

"Twende," alisema.

Hivyo nikapata matembezi yangu ya kwanza. Baada ya ibada ya asubuhi tulipanda treni wanne, na shada la mishumaa ndani ya boksi la viatu magotini mwa Kengele, kwa sababu ilikuwa Jumapili ya nne na alikataa kabisa kuliacha.

"Mishumaa inawashwa mezani," Rula alisema.

"Tutapata meza. Duniani meza ni nyingi."

Ukungu ulikuwa umerudi. Tulipita ndani yake kama watu wanaopita ndani ya maziwa. Mara mti ulijitokeza, mara ng'ombe, mara mwanamke amesimama na mwavuli usiofunguliwa, kisha hakuna. Gari lilitikisika taratibu. Kengele alilala mdomo wazi. Rula alihesabu madaraja kwa sauti ya chini. Nyuzi alikaa karibu nami, bega kwa bega, nami niliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ile kichwa chake kimeniegemea. Niliomba kwa moyo tu: Bwana, usiutazame mwandiko wangu, utazame upendo wa yule baba.

Nyumba ya wakwe wa Mwalimu ilikuwa hatua mia mbili kutoka majini. Tulimkuta Mwalimu uani akipasua kuni, shati limemlowa. Darasani huwa amevaa tai.

"Mwanafunzi wangu!" alisema, akaficha shoka nyuma yake. "Kuna nini? Umefeli?"

"Sijui, Mwalimu. Ndiyo nimefuata majibu."

Mama mkwe wake akatoka, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, akatukaribisha ndani kabla hatujasema shida yetu. Mwalimu aliposikia habari, akashika kichwa.

"Madaftari yapo. Nimeyasahihisha wiki iliyopita. Nimeyaweka..." Akatazama huku na huku. "Mama, yako wapi yale madaftari yangu?"

"Yapi?"

"Yaliyofungwa kwa kamba."

"Ah, yale!" mama mkwe alisema kwa fahari. "Yamefanya kazi kubwa. Tazama."

Akanyanyua pembe ya kitambaa cha meza. Meza ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo, yamebanana sawasawa, yalikuwa madaftari ya darasa letu zima.

Nilidhani Nyuzi atalia. Alichuchumaa, akatazama mguu wa meza kwa macho ya fundi, akaupima kwa vidole.

"Milimita thelathini," alisema. "Karibu sawa na mimi." Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, chembamba, kinachopanda. Kengele akakidaka, na nyumba nzima ikacheka bila kujua sababu.

Rula na Mwalimu waliinua meza. Langu lilikuwa la pili kutoka chini. Nilifungua ukurasa. Maneno manane yalikuwa na alama ya vema. Chini yake mistari yangu minne, na juu ya mistari hiyo, kwa wino mwekundu, msalaba mkubwa, na maneno ya Mwalimu: *Haya si maneno. Rudia. Nane kwa kumi.*

Mwalimu alipoona alitaka kuingia chini ya meza. "Nisamehe, binti. Nimemkosesha marehemu."

"Baba angefurahi," Nyuzi alisema. "Shuleni alikuwa anapata nne."

Alilipeleka daftari dirishani kwenye mwanga. Midomo yake ilitembea. Ukungu ulikuwa unaachia ziwa, na maji yalikuwa na rangi ya bati jipya. Hakuna aliyejongea, hata mama mkwe. Nilikuwa nimeshika pindo la gauni langu kwa mikono miwili. Alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akayasema kwa lugha yao, kwa sauti, na Kengele akaziba mdomo wake.

"Tuambie," nilimwomba Rula.

Rula alikohoa. Alitoa rula nyuma ya sikio, akaishika kama mtu anayeshika kofia kanisani.

"Anasema: Kushoto, milimita thelathini na moja. Mguu umemaliza kukua, na mimi nimemaliza kupima. Kiatu kinachofuata, mpe fundi mwingine mguu wako, wala usione haya. Mwambie unapenda kupanda milima."

Nje, mtu alikuwa akiita bata.

Nyuzi alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, moja moja, akakivua. Akasimama kwa mguu mmoja, akishika fremu, akafungua mlango, akakiweka kiatu nje, kwenye kizingiti, kimetazama ndani. Akafunga mlango. Akarudi kukaa, mguu wake wazi mbele yetu sote, mweupe, mdogo, kama kitu kilichozaliwa sasa hivi.

"Kanuni ni kanuni, Mama," alisema.

Nilitaka kumwendea. Nikakumbuka miaka yangu kumi na tisa ya kuokota tu, bila kuuliza. Nikagonga meza kwa kidole.

"Hodi?"

"Karibu, Mama."

Nilipiga magoti. Nilitoa futi ya kitambaa mfukoni, maana sitembei bila hiyo, nikaizungusha kwenye unyayo wake. Ulikuwa wa baridi kwa sababu ya sakafu, nikaupasha kwanza kwa viganja. Rula aliandika vipimo nyuma ya ratiba ya treni. Nyuma yangu nilisikia kiberiti, na mwanga ukabadilika: Kengele alikuwa ameweka shada juu ya meza, ambayo sasa ilikuwa imelala upande kama mlevi, na mama mkwe alikuwa ameishika pembe kwa mkono mmoja ili mishumaa minne isimame wima.

"Fanyeni haraka kidogo," alinong'ona. "Si nzito, lakini ni meza."

Nilimaliza. Sikuinuka. Nilimshika Nyuzi kisigino, nikawatazama wote mmoja mmoja, Mwalimu, mama mkwe wake, Rula, Kengele, ili wasije wakasema hawakusikia.

"Mnisikilize, ninyi ni mashahidi wangu," nilisema. "Mungu akinipa uhai, kabla huyu mtoto hajarudi kwao nitamtengenezea kiatu cha kupandia milima. Na chini ya bitana nitaandika maneno, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa penseli, ya kusomwa kiatu kikiisha. Na kikiisha atakiweka nje ya mlango wake, popote atakapokuwa, na mimi nitatafuta nauli, nitakuja, nami nitabisha hodi kwanza. Nimeahidi."